Hapana Kutoka Chumba cha Tanuri

Beaverton, Oregon
7 Mei 2023

Shangazi Ermelinda,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakufikia kabla haijalowa, maana najua mvua za Barva zimekwisha kuanza na mtu wa posta hapendi kupanda kilima chetu. Anwani nimeiandika kama ulivyonifundisha: mita mia mbili kusini mwa palipokuwa na mtini. Karani wa posta wa huku aliniuliza, "Huo mtini uko wapi?" Nikamwambia ulikatwa kabla sijazaliwa. Alinitazama, akapiga muhuri.

Mimi ni mzima. Baridi imeondoka na mitufaha imechanua. Mpe Baba salamu zangu, umuulize kama amekwenda kupimwa presha. Akikujibu "nitakwenda", ujue hajaenda. Msalimie mwanao Greivin na umpongeze mkewe Yorleny kwa mimba yake. Nimesikia mtoto atazaliwa karibu na Krismasi, na kwamba Greivin amekwisha kununua viatu vya mpira vya kumfundishia kandanda.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu wakati simu iko mfukoni. Simu ni ya kampuni na kompyuta ni ya kampuni. Ninachoandika humo kinaweza kusomwa na mtu nisiyemjua. Karatasi ni yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Chipu zetu za kompyuta za mwaka jana zinarudi. Unazifahamu, kwa sababu zilipita katika tanuri zako. Wateja wanasema kompyuta hufanya kazi vizuri kwa miezi michache, kisha huanza kuganda, kisha huzimika katikati ya kazi. Zinaletwa kwangu maabara, nami nazifungua na kuzipima. Nimeona kinachoziua. Kampuni yetu ya Halvorn ilitaka kuwashinda washindani kwa kasi, ikazipa umeme mwingi kuliko zinavyoweza kuvumilia, nazo zinajila zenyewe polepole. Zamani zile dhaifu zingefia kwako, ndani ya joto, kabla hazijamfikia mteja. Lakini mwaka jana makao makuu yalipunguza muda wa kuoka ili shehena zitoke haraka.

Hapa kila wiki anatafutwa mtu mwingine wa kulaumiwa: mara watengenezaji wa kompyuta, mara wateja wenyewe. Na sasa chipu mpya iko njiani, yenye umeme mwingi zaidi, na Bwana Thornquist, mkuu wa bidhaa, anataka zikiokwa nusu zamu tu, badala ya zamu mbili za zamani, zitoke. Mwezi wa Septemba atapiga simu kiwandani kwenu Heredia kuuliza kama kwa nusu zamu tanuri zinaweza kuzikamata mbovu.

Shangazi, nakuuliza wewe uliye mkuu wa chumba cha tanuri. Zinaweza?

Mwanao,
Marisela


Barva, Heredia
2 Juni 2023

Marisela, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa kavu, ingawa mtu wa posta aliiacha kwa muuza mkate na sasa inanukia hamira. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa kalamu nyekundu. Pale ulipokasirika sentensi zako zimerefuka. Mtu aliyekasirika aandike sentensi fupi.

Sisi hatujambo. Nimemuuliza baba yako kuhusu presha. Amesema, "Nitakwenda." Yorleny hutapika asubuhi na mchana hula maembe mabichi kwa chumvi. Greivin humbebea mfuko wa maembe hayo hadi kiwandani, upande wa vifungashio, na wasichana wa huko wameanza kumwita Greivin Mama Mwembe. Mboga yangu ya uani imepanda hadi juu ya paa la jirani. Anachuma upande wake bila kuomba, nami namwacha.

Don Olman, meneja wetu, anakusalimu. Alinunua kofia mpya kwa ajili ya wageni wa kutoka makao makuu, na wageni hawakuja. Sasa anaivaa kanisani.

Kuhusu tanuri, zinafanya kazi vizuri, namshukuru Mungu. Vijana wana bidii. Hilo uliloniuliza tutaona namna yake wakati ukifika, Mungu akipenda.

Nami nina swali langu. Je, Desemba utakuja kufunga unga wa tamale za Krismasi katika majani ya mgomba? Mwenye migomba anataka kujua mapema ni majani mangapi ya kunitengea. Mwaka jana hukuja, na mwaka juzi hukuja.

Nakubariki,
Shangazi yako Ermelinda Ulate


Beaverton, Oregon
25 Juni 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba mko wazima na kwamba Mama Mwembe anatimiza wajibu wake. Mwambie Baba kwamba nikisikia "nitakwenda" mara nyingine, nitampigia simu daktari mwenyewe na kumpa anwani ya nyumbani, mtini na yote. Huku joto limeanza. Mwenye nyumba wangu amenipa pembe ya bustani yake, nimepanda giligilani, inakua nyembamba na yenye huzuni.

Sasa nisamehe. Swali langu umelijibu kama ulivyokuwa ukimjibu muuza sufuria.

Unamkumbuka. Alikuja kila Jumamosi kwa miaka, nawe kila Jumamosi ulimwambia, "Labda wiki ijayo, Mungu akipenda," kwa sababu kumwambia hapana usoni kungekuwa ukosefu wa adabu. Naye alikuwa mtu wa kwetu, wa Nicoya, alijua maana yake, alikuja kwa ajili ya kahawa. Lakini yule mwanafunzi Mholanzi aliyepanga chumba cha nyuma alisikia, akaamini, akaenda kumwambia muuza sufuria alete seti nzima. Zililetwa kumi na mbili. Ulijificha nyuma ya pipa la kufulia.

Bwana Thornquist ni kama yule Mholanzi. Mwaka jana, walipotaka kupunguza muda wa kuoka kwa mara ya kwanza, Don Olman alisema kwenye simu, "Tutaona namna ya kulipanga, kwa uwezo wa Mungu." Chumba kizima kule kwenu kilijua kwamba amekataa. Huku wakaandika: Heredia imekubali. Nimeyaona maandishi hayo. Chipu zikirudi kwa wingi na wakikosa mtu mwingine wa kumlaumu, wataisoma sentensi hiyo kwa sauti.

Kampuni hii si ile iliyoniajiri. Zamani palikuwa na hodhi kubwa la samaki karibu na lango, na wahandisi wazee walikula chakula cha mchana hapo wakibishana hadi kalamu zikarushwa. Mkubwa akikosea, kijana alimwambia, "Umekosea," na wakaendelea kula. Wale wazee wamestaafishwa. Hodhi limeondolewa, mahali pake pameandikwa thamani ya hisa zetu kwa herufi za taa, na thamani hiyo inashuka. Siku hizi hakuna anayebishana. Kila mtu anasema "naam". Nimevuka dunia nzima kuja kukuta watu wanaokataa kama sisi, ila bila kahawa.

Septemba, Bwana Thornquist akiuliza, tafadhali mwambie hapana. Neno lenyewe, peke yake.

Kuhusu Desemba, tutaona.

Mwanao,
Marisela


Barva, Heredia
20 Julai 2023

Marisela,

Marahaba. Sote tu wazima.

Umenifundisha adabu, nami niliyekufundisha kushika kijiko. Sasa nisikilize.

Don Olman ndiye baba wa ubatizo wa Greivin. Mume wangu alipofariki, ni yeye aliyekaa sebuleni kwangu siku zote tisa za sala na hakuuliza lini zitakwisha. Kumwambia mgeni hapana mbele yake, baada ya yeye kutoa jibu lake kwa heshima, ni kumzaba kofi mbele ya watu anaowaongoza. Hilo la kwanza.

La pili, makao makuu yana kiwanda kingine kule Asia chenye tanuri mpya, nacho kinaitaka kazi yetu. Anayesema hapana ndiye anayenyang'anywa. Nusu nzima ya mtaa wetu inakula kwa Halvorn. Yorleny atajifungua kwa bima ya Halvorn.

La tatu ni lako. Wewe una digrii mbili na maabara, na unakaa jengo moja na huyo Bwana. Hapana hiyo mbona huisemi wewe? Nitakuambia kwa nini. Kibali chako cha kukaa huko kimefungwa kwenye kazi hiyo, na kazi ikikatika nacho kinakatika. Mimi sikulaumu. Lakini usiniombe nitoe mfukoni mwangu kile unachokificha mfukoni mwako.

Nimeandika sentensi fupi, kama unavyoona.

E. Ulate


Barva, Heredia
17 Agosti 2023

Mwanangu Marisela,

Hujajibu. Labda barua iko kwa muuza mkate, labda umekasirika. Naandika bila kusubiri, jambo ambalo sikufundishwa kulifanya.

Juzi ilikuwa Siku ya Mama. Greivin na Yorleny waliniletea keki yenye jina langu, walilompa mwokaji kijana aandike, naye akakosa nafasi, nikawa Ermelin. Baba yako alikula vipande vitatu. Amepimwa presha hatimaye, kwa sababu muuguzi alikuwa miongoni mwa wageni na nilifunga mlango. Iko juu. Amepewa vidonge na anavimeza akinitazama kama mtu aliyefungwa bila kosa.

Sasa nikuambie lililotokea kazini. Unajua desturi ya chumba chetu: mlango wa tanuri ukishafungwa, hakuna anayeufungua isipokuwa mkuu wa chumba, hata meneja haufungui. Wiki iliyopita ilikuja trei ya majaribio ya chipu mpya, pamoja na agizo: nusu zamu, kisha itolewe. Nusu zamu ilipotimia, Greivin, ambaye wamemhamishia kwangu, alisema, "Mama, muda umefika." Nikamwambia, "Nasikia." Nikaendelea kupanguza meza. Akasema tena. Nikamwambia nimesahau ufunguo nyumbani. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, na aliuona.

Don Olman akapita. Alitazama saa ya ukutani, akatazama tanuri, akatazama shingo yangu. "Komadre," alisema, kama tunavyoitana tangu ubatizo wa Greivin, "naona leo tanuri namba nne ina kazi nyingi." "Ina kazi nyingi, Kompadre," nikamjibu. Akaenda zake akipiga mluzi. Huyo ni mtu mwema, nataka ulijue hilo.

Tuliioka zamu mbili kamili, kama zamani. Kwa kipimo cha nje ya tanuri, nusu zamu ya kwanza haikufa hata moja; mtu angezipeleka dukani akiwa na furaha. Zilianza kufa mwishoni. Tulipoifungua, Greivin alizipima moja baada ya nyingine, na kadiri alivyopima ndivyo alivyozidi kunyamaza, naye hanyamazi hata kanisani. Moja kati ya tatu ilikuwa imekufa.

Mimi nimekuwa katika chumba hicho tangu kilipofunguliwa. Kilichotoka kwangu kilikuwa kizima. Watu wa pande zote za dunia wamefanya kazi zao juu ya kitu nilichokioka mimi, wala hawakuwahi kujua jina langu, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ni hayo tu. Nimemwambia mwenye migomba anisubiri.

Shangazi yako


Beaverton, Oregon
3 Septemba 2023

Shangazi Ermelinda,

Shikamoo. Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ya hasira na ya tanuri, na nilisoma ya tanuri kwanza, namshukuru mtu wa posta.

Sikukasirika. Lile la tatu ulilosema ni kweli. Nimeandika maneno "haiwezekani" katika taarifa zangu zote. Kwa sauti, mbele ya Bwana Thornquist, sijayasema. Taarifa huwekwa kwenye faili, na aliyeandika anaendelea kupata mshahara.

Simu ni Jumanne, tarehe kumi na tisa. Nitakuwa katika chumba cha mkutano huku. Sikuombi tena chochote. Fanya utakaloona linafaa, nami nitakuwa mwanao vilevile.

Mwambie Baba nampenda, na vidonge avimeze na chakula.

Marisela


Barva, Heredia
24 Septemba 2023

Mwanangu,

Marahaba, na nakutakia mema yote. Taa za karatasi za watoto za mkesha wa Uhuru zilipita mtaani hapa licha ya mvua. Mtoto wa jirani alitengeneza taa yenye umbo la kiwanda, ikaungua mbele ya nyumba yangu, watu wakaniangalia kana kwamba ni mimi niliyeiwasha. Baba yako ni mzima na ananung'unika. Yorleny sasa hawezi kuiona miguu yake.

Ulikuwa upande wa pili wa simu, kwa hiyo nusu unaijua. Mimi nitakupa nusu yetu.

Tulikaa mezani wakuu wa vyumba vyote, simu katikati kama mgonjwa. Don Olman alikuja na kofia, akaivua, akaiweka magotini. Bwana Thornquist alizungumza kwa haraka, sisi kwa adabu. "Swali langu ni moja," alisema. "Chipu mpya, nusu zamu. Heredia inaweza kuzikamata mbovu?"

Don Olman akainamia simu. "Bwana Thornquist, kwanza tunakushukuru kwa kutukumbuka. Timu hapa ina moyo. Tutaona namna ya kulipanga, kwa uwezo wa Mungu na—"

"Safi sana," akasema Bwana. "Basi naandika—"

"Hapana," nikasema.

Marisela, neno hilo ni fupi mno. Nilidhani litachukua muda mrefu kutoka. Mkuu wa chumba cha vifungashio alitazama dari. Greivin, aliyekuwa mlangoni, ananiambia alidhani umeme umekatika.

"Nani huyo?"

"Ermelinda Ulate, mkuu wa chumba cha tanuri."

"Unamaanisha itakuwa vigumu."

"Namaanisha hapana."

"Tukikuongezea watu?"

"Chipu haiivi upesi kwa kuangaliwa na watu wengi."

"Ukipewa wiki mbili za kujipanga?"

"Baada ya wiki mbili nitakuambia hapana, na utakuwa umepoteza wiki mbili."

Mtu fulani upande wenu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Kama ni wewe, unakohoa vibaya.

Nikamweleza kuhusu trei ya tanuri namba nne, ilivyokaa zamu mbili na ilivyotoka. Nilisema nilikaidi agizo na kwamba agizo lilinikaidi kwanza. Lile alilouliza, mwanangu, kila mtu mezani alilijua jibu lake, na nadhani hata yeye alilijua. Halikuwa jambo la kujua, lilikuwa jambo la kusema. Kisha simu ikakatwa. Don Olman akavaa kofia akatoka.

Hakunisemesha wiki yote iliyobaki. Leo baada ya misa nimesikia mlango. Alikuwa na mkate mkononi na kichwa wazi.

"Komadre," akasema, akiwa bado kizingitini, "umenivua nguo mbele za watu."

"Ingia. Nimekuhifadhia. Zimekwisha kupigwa pasi."

Alicheka bila kutaka. Nikammiminia kahawa. "Ungeniambia mapema," akasema.

"Ningekuambia mapema ungeniomba nisiseme, nami ningekubali."

Alichovya mkate akafikiri. "Ningekuomba, kweli." Akala. "Mwaka jana nilitaka kulisema mimi. Nililishika hapa." Akagusa koo.

"Najua, Kompadre. Nilikuwa nimekaa karibu nawe. Nililiona linapanda na nikaliona linashuka."

Akaomba kikombe cha pili, na hilo kwetu ni sahihi na muhuri.

Sasa niambie nusu yako. Simu ilipokatwa, huko kwenu kulitokea nini?

Shangazi yako Ermelinda


Beaverton, Oregon
15 Oktoba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nikusifu vipi bila wewe kunisahihisha. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na baadaye nikaketi nikaisoma tena.

Habari zimo magazetini, utakuwa umezisikia. Halvorn imetangaza kwamba chipu mpya haitatoka mwaka huu. Hisa zimeporomoka, zile herufi za taa langoni zimezimwa, wanasema zinatengenezwa. Kampuni imekiri kwamba zile za mwaka jana zina kasoro na kwamba watu watabadilishiwa. Bwana Thornquist amehamishiwa kazi ambayo hakuna anayeweza kuieleza. Na agizo jipya limetoka: zamu mbili kamili, viwanda vyote, hata kile cha Asia. Agizo halikutaja jina la mtu. Lakini vijana wa maabara wameandika mlangoni mwa tanuri yetu ndogo ya majaribio: "Baada ya wiki mbili nitakuambia hapana." Msafishaji ameambiwa asifute.

Mzee mmoja, wa mwisho kati ya wale wa hodhi la samaki, aliniambia, "Hiyo ni sauti ya kampuni yetu ya zamani. Ilikuwa imehamia Heredia, na hatukujua."

Huku majani yamekuwa mekundu. Tufaha ni nyingi mpaka mwenye nyumba wangu anaziacha kwenye ngazi za majirani na kukimbia. Giligilani yangu imekufa. Nimeanza kugawa vitabu vyangu, rafu zimejaa mno.

Wasalimie wote. Mwambie Yorleny anyanyue miguu.

Marisela


Barva, Heredia
10 Novemba 2023

Marisela, mwanangu,

Marahaba. Sote tu wazima. Mvua zinaisha, pepo za Krismasi zimeanza kutikisa mabati, na harufu ya kahawa mbivu imeshuka kutoka milimani. Baba yako amepungua presha na kuongezeka kiburi: sasa ndiye anayewauliza wenzake kama wamekwenda kupimwa. Yorleny yuko wiki za mwisho. Greivin amefunga kitanda cha mtoto na kubakiza skrubu, na hataki kusema zilitakiwa kuingia wapi.

Tanuri zinafanya kazi zamu mbili. Kazi ni polepole na ni safi. Don Olman amepeleka kofia yake ikapanuliwe.

Sasa nasoma barua yako kwa kalamu. Ni nzuri na haina kosa. Ina magazeti, hisa, herufi za taa, mzee wa samaki, tufaha. Nilikuuliza jambo moja: simu ilipokatwa kulitokea nini? Hukujibu. Umenisimulia kuhusu majengo. Na mtu hagawi vitabu vyake kwa sababu rafu zimejaa. Hununua rafu.

Umenijibu kama mtu anayemjibu muuza sufuria, mwanangu. Wewe uliyenifundisha.

Mwenye migomba amekuja leo kwa mara ya mwisho, amesimama hapa uani na panga, anataka jibu. Nimemwambia anisubiri barua moja zaidi. Mimi nililisema neno langu mbele ya Don Olman na mbele ya watu wote, na dunia haikupasuka. Sitaki tena "tutaona". Kulitokea nini? Na Desemba, je, unakuja au huji? Ndiyo au hapana, nijue majani mangapi.

Nasubiri.
Ermelinda


Beaverton, Oregon
28 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii anaibeba kwa mkono binti wa Alajuela anayerudi nyumbani kwetu likizo, kwa hiyo haitapita kwa muuza mkate.

Simu ilipokatwa, Bwana Thornquist alituangalia mmoja mmoja. "Mwanamke mmoja wa tanuri," alisema. "Kuna mtu humu anayekubaliana naye?" Watu walitazama viatu vyao. Nilivitazama vyangu pia. Ni vile vyeusi ulivyoninunulia siku ya kuhitimu.

Nikasema, "Mimi ndiye ninayezifungua zilizorudi. Hapana yake na hapana yangu ni moja. Na yule mwanamke wa tanuri ni shangazi yangu."

Ningeweza kuacha sentensi ya mwisho. Sikutaka kuiacha.

Waliniambia, kwa upole mwingi, kwamba kuwa na ndugu kiwandani kunatia shaka upimaji wangu, na baadaye kwamba maabara inapunguzwa. Kazi imekwisha tarehe ya leo. Kibali kinafuata. Kiwanda kimoja cha vifaa vya hospitali huko nyumbani, Coyol, kinatafuta mtu wa kupima kwa nini vitu hufa. Nimewaandikia, wamenijibu, nitaonana nao Januari. Nilikuficha haya kwa sababu nilitaka uifurahie hapana yako bila kuihesabia hasara yangu. Sasa umeuliza mara mbili.

Mwambie mwenye migomba akate mengi. Ndiyo, nakuja, tarehe kumi na nne Desemba. Tiketi ni ya kuja tu.

Mwanao,
Marisela